Bolti iligoma kufunguka risasi ya tatu. Naomba msaada kutambua presha iliyozidi (.30-06, risasi za kujaza mwenyewe)

Kilima_Boise (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Boise, Idaho. Najaza risasi zangu mwenyewe mwaka wa pili sasa (ganda lililopigwa nalitia upya fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kinachoruka), kwa ajili ya swala wa huku na elki msimu ukifunguliwa. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili muda mrefu bila kuandika, leo nimelazimika.

Jumamosi asubuhi nilikwenda uwanja wa shabaha ulioko jangwani kusini mwa mji. Risasi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu mlio ulikuwa mkali kuliko kawaida na bega nililisikia. Nikashika mkono wa bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, ninyanyue, haukunyanyuka. Nikaacha mtutu umeelekea kwenye kingo ya udongo, nikasubiri kama dakika moja, halafu nikaupiga kwa kiganja kutoka chini mara nne ndipo ukafunguka. Ganda lilitoka kwa shida. Kitako chake kina duara dogo linalong'aa ambalo halipo kwenye yale mawili ya kwanza, na fataki imebapa mpaka ukingo wake umejaa kabisa kwenye tundu lake.

Sikupiga nyingine. Nilifunga mizigo nikarudi nyumbani.

Maelezo: risasi aina ya .30-06, bunduki ya bolti ya kisasa, mtutu wa inchi 24. Kichwa cha greni 165 (greni kama 15 ni gramu moja). Baruti ni ileile, kopo lilelile. Fataki ni za kawaida, si za magnamu. Kipimo changu cha baruti kipo nusu greni chini ya kiwango cha juu cha kitabu. Kwa kipimo hicho nimepiga risasi kama 40 tangu Oktoba iliyopita, na swala mmoja ndani yake, bila tatizo lolote. Nilikuwa na kipima mwendo mezani, kikasoma futi kwa sekunde hivi: 2,790, halafu 2,796, halafu 2,905.

Nimebakiwa na 17 za fungu hilohilo. Nifanye nini?

---

Bariadi_Mmoja

Mkuu, hiyo ni kawaida ukiwa karibu na kiwango cha juu. Punguza greni mbili maisha yaendelee. Fataki kubapa pekee haina shida, mimi zangu zote zinabapa.

---

Fundi_Chuma

Mwanzisha uzi, kwanza umefanya vizuri kuacha. Hizo 17 ziweke kwenye boksi, andika juu yake kwa kalamu nene ZISIPIGWE, na zisikae sanduku moja na nyingine.

Mimi ni fundi mashine Calgary, nimejaza risasi zaidi ya miaka 25. Bariadi mdogo wangu, nakuheshimu, lakini ushauri wa kupunguza greni mbili kabla ya kujua chanzo siuungi mkono. Kipimo hakikubadilika, na kilikubali mara 40. Kuna kitu kingine kimebadilika, na hicho kitu greni mbili haziwezi kukiondoa. Zitakificha tu mpaka siku nyingine.

Tuanze na ushahidi wenye nguvu kuliko wote uliouleta, nao si fataki wala duara. Ni ile 2,905. Risasi mbili zinakaa futi sita tu mbali, ya tatu inaruka zaidi ya futi 100. Hakuna mwendo wa bure. Kichwa kilekile, mtutu uleule, baruti ileile: kikienda kasi zaidi ni kwa sababu kimesukumwa kwa nguvu zaidi, na presha hupanda kwa asilimia kubwa kuliko mwendo unavyopanda. Fungua kitabu chako uone mwendo wanaouandika kwa kiwango cha juu kabisa kwa mtutu wa urefu kama wako. Kama 2,905 inaupita, basi presha nayo imeupita ukomo, hata kama ganda lingetoka linang'aa kama jipya.

Ukomo wa .30-06 kwa viwango vya Marekani ni psi 60,000, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama 32. Kazi hiyo yote inafanyika sentimita chache mbele ya jicho lako, na kinachoiziba ni kikombe cha shaba. Ndiyo maana nataka tujue, tusibahatishe.

Kwa nini bolti iligoma? Ganda ni shaba, linanyumbuka. Risasi ikilia, ganda hutanuka likakumbatia kuta za chemba, kile chumba cha mtutu linamokaa, presha ikishuka linajirudi kidogo na kuachia. Likisukumwa kupita kiasi halijirudi tena. Wakati huohuo chemba yenyewe, ingawa ni chuma, ilitanuka kwa unywele ikarudi, ikalibana ganda kama pete kwenye kidole kilichovimba. Lile duara linalong'aa ni shaba ya kitako iliyotiririka kuingia kwenye tundu la kile kipini cha chemchemi kinachorusha ganda nje. Mkono wako ulipozungusha bolti, uso wa bolti ukaikwangua ile shaba iliyovimba ikang'aa. Shaba ya kitako ndiyo nene kuliko sehemu nyingine zote za ganda. Mpaka itiririke, ujue umeshapita mbali.

Sasa maswali, jibu yote:

Maganda umeyatoa wapi, na yamepigwa mara ngapi? Umewahi kuyakata shingo, yaani kuyapunguza urefu mdomoni? Mzani wako ni wa mizani ya mkono au wa betri, na uliukagua kwa jiwe la kipimo siku ile? Risasi zilikaa wapi kabla ya kupiga? Kuna kitu chochote ulichobadilisha tangu Oktoba, hata kama unaona ni kidogo?

---

Kilima_Boise

Shikamoo Mzee Fundi, na asante sana.

Kitabu kinasema futi 2,840 kwa kiwango cha juu, mtutu wa inchi 24. Kwa hiyo ile ya tatu imeupita kwa 65. Sikuwa nimeliwaza hilo kabisa.

Mzani ni wa betri. Siku ile niliuwasha, nikausawazisha sifuri, nikaanza. Sikuweka jiwe. Maganda ni ya kiwanda kimoja, lakini nilikuwa na boksi mbili, zile za kwangu za tangu mwanzo na nyingine nilizopewa na jirani mzee aliyenifundisha kazi hii, alipoacha kuwinda. Niliyasafisha pamoja. Kukata shingo, sijawahi. Nilidhani ni kazi ya watu wa mashindano.

Risasi zilikaa kwenye gari, kwenye kiti cha mbele, kama saa mbili. Joto siku ile lilifika nyuzi 37.

---

Mwindaji_Rufiji

Nyuzi 37 na kiti cha mbele. Hapo kaka ndipo pananihusu, nisemee kidogo.

Nimefanya kazi kwenye kambi za uwindaji wa kitalii kusini mwa Tanzania miaka mingi, kwanza mfuatiliaji nyayo, baadaye upande wa bunduki na vifaa. Wageni wetu huja na risasi zao wenyewe, baadhi zimejazwa nyumbani kwao kwenye baridi ya Novemba. Anapima kwake, kila kitu shwari. Akifika Septemba, saa nane mchana, gari halina paa na bunduki imelala kwenye kishikio juani, bolti inaanza kukwama. Nimeliona hili kwa macho zaidi ya mara moja. Baruti ikishika joto inaungua kwa kasi zaidi, ni hivyo tu. Za kisasa baadhi zimetengenezwa zisibadilike sana na joto, lakini si zote.

Wazee walilijua jambo hili zamani. Baruti ya Waingereza ya enzi zile, ile ya nyuzinyuzi waliyoiita kordaiti, ilikuwa inachukia joto. Watengeneza bunduki wa Rigby wa London walipotoa risasi yao ya .416 mwaka 1911 walilipa ganda kubwa mno kwa makusudi, baruti ikae kwa nafasi na presha ibaki chini. Mpaka leo viwango vya Ulaya vinaipa .416 Rigby ukomo wa bar 3,250 (bar ni kipimo kingine cha presha), wakati .30-06 ina bar 4,050. Ukiwa umesimama mbele ya nyati na ganda limekwama kwenye chemba, hizo bar 800 utajua kazi yake.

Kwa hiyo joto limechangia. Ila sidhani ndilo lenyewe. Joto lingezipandisha zote tatu, si moja.

Jambo jingine, kwa yeyote anayesoma: bunduki ikiwa ya moto baada ya kupiga mfululizo, usiingize risasi kwenye chemba ukaiacha humo unapiga soga. Inapikwa humo ndani.

---

MamaWawili_TX

Nakubaliana na Mwindaji, moja kati ya tatu inaashiria tofauti ya risasi na risasi, si hali ya hewa.

Ningeanza na baruti, kwa sababu ndipo nilipowahi kuumbuka mimi. Hapa dukani utakuta makopo matatu ya viwanda tofauti yote yameandikwa 4350. Si kitu kimoja. Namba inafanana, kasi ya kuungua haifanani, na vipimo vyake havibadilishani. Nilimimina kopo moja ndani ya kifaa cha kugawia ambacho kilikuwa na mabaki ya jingine. Tangu siku hiyo meza yangu ina kopo moja tu la baruti, mengine yamefungiwa kabati la chumba kingine, na nikimaliza kifaa nakimwaga mpaka punje ya mwisho.

Na kwa wenye bunduki za .223 ambao pia wana .300 Blackout nyumbani: ganda la .300 linaweza kuingia kwenye chemba ya .223 na bolti ikafunga. Kichwa cha milimita 7.8 kinalazimishwa kwenye mtutu wa 5.7. Bunduki inapasuka. Mimi nimeweka magazini za rangi tofauti na watoto wangu wakubwa wanajua kwa nini.

---

Bariadi_Mmoja

Sawa, nimewaelewa wakuu, lakini bado niulize. Kama fataki bapa si ushahidi, kwa nini kila mtu anaitazama? Na mbona zangu zinabapa na bunduki ipo mwaka wa sita?

---

Fundi_Chuma

Swali zuri, na nilikujibu kwa mkato mno mwanzo, uniwie radhi.

Fataki ni shahidi, ila ni shahidi anayebadilisha maneno. Kuna viwanda vinatumia kikombe laini, kinabapa hata kwa presha ya kawaida. Kuna bunduki ambazo tundu la pini ya kufyatulia ni pana kidogo, basi shaba inachomoza kuzunguka alama ya pini kama mdomo wa volkano, na presha iko salama. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: ganda likiwa fupi mabegani kuliko chemba kwa sababu ulilibana kupita kiasi kwenye presi, ile mashine ya kulirudishia ganda umbo lake, fataki inatoka nje kidogo kwanza, kisha ganda linarudi nyuma na kuigonga dhidi ya bolti. Inabapa vizuri kabisa, na presha ilikuwa ya chini. Mtu anaiona anapunguza baruti, wakati ugonjwa uko kwenye presi, na siku moja ganda linakatika juu ya kitako.

Kwa hiyo fataki yako isome ukiilinganisha na fataki nyingine ya boksi lilelile, bunduki ileile. Ya tatu ya Kilima imebapa kuliko mbili zilizotangulia. Hapo ndipo inapoanza kusema kitu. Na ikitoboka, au ikidondoka yenyewe unapofungua bolti kwa sababu tundu lake limetanuka, hapo hakuna mjadala tena.

Kibaya zaidi ni upande wa pili. Hizi alama zote tunazozitazama huonekana ukiwa umeshapita ukomo wa bunduki ya kisasa. Ukiwa na bunduki ya zamani iliyojengwa kwa presha ndogo, ukomo wake unaupita kimya kimya. Chukua .30-30 ya kukokea kwa chini. Ukomo wake ni psi 42,000. Shaba ya ganda lake inaweza kuvumilia zaidi ya hapo bila kuonyesha alama hata moja, huku chuma kinaumia. Mtu anayesubiri alama kwenye bunduki ya namna hiyo anasubiri bunduki yenyewe ipasuke.

Mfano mwingine ni 8x57 ya Mauser. Ulaya wanaijaza mpaka bar 3,900. Marekani wameiwekea psi 35,000 tu, kwa sababu kuna bunduki za zamani za Kijerumani ambazo mtutu wake ni mwembamba kuliko ule uliokuja baadaye, na hawataki kichwa kinene kilazimishwe humo kwa presha kamili. Jina la risasi lilelile, vitabu viwili, namba mbili mbalimbali kabisa. Ukichukua kipimo kwenye kitabu, ujue kitabu kiliandikiwa bunduki ipi.

Kilima, kazi yako ya wiki hii:

Ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa unayo? Zivunje zote 17, moja moja. Kila moja pima baruti yake uandike. Kabla ya hapo weka jiwe la kipimo kwenye mzani. Kisha chukua yale maganda matatu uliyopiga, kwa kila moja jaribu kudondosha kichwa kipya mdomoni kwa vidole tu. Usikilazimishe. Niambie kama kinaingia na kushuka chenyewe. Na pima urefu wa kila ganda kwa kalipa, kuanzia kitako mpaka mdomo.

---

Mtoto_Bukavu

Ndugu Kilima, miye pia niko hapa Boise. Kama huna nyundo ya kutoa vichwa, niandikie pembeni, nitakuletea. Nina pia mawe ya kupimia mzani, ya greni 50 na 20. Hii mizani ya betri inapotea ikiwa karibu na taa za mirija ao simu, miye nimeona namba inatembea yenyewe.

---

Kilima_Boise

Wakuu nimerudi. Ndugu wa Bukavu alikuja mpaka nyumbani Jumanne, Mungu ambariki, tumefanya kazi pamoja mpaka saa tano usiku.

Mzani kwanza. Jiwe la greni 50 lilisoma 50.0. Tulizima taa ya mezani, tukawasha, likasoma tena 50.0. Tukavunja zote 17. Baruti ya kila ganda ilikuwa ndani ya moja ya kumi ya greni kutoka kipimo changu. Punje zote zinafanana, rangi moja, hakuna harufu ya siki wala vumbi la kutu. Kwa hiyo baruti siyo.

Halafu vichwa. Ganda la kwanza nililopiga: kichwa kipya kilishuka chenyewe kama jiwe kisimani. La pili hivyohivyo. La tatu kilikataa. Kiligusa mdomo kikasimama. Nikaligeuza ganda kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mdomo wake umejikunja kwenda ndani, ukingo mwembamba sana unaong'aa, kama mtu aliyebana midomo. Mengine mawili hayana.

Kalipa: la kwanza milimita 63.19. La pili 63.22. La tatu 63.75.

Kitabu kinasema urefu wa juu kabisa ni 63.35.

Kwenye yale 17, kumi na mawili yako chini ya 63.3. Matano yako juu ya 63.7. Nimempigia simu yule jirani mzee. Anasema yale yake aliyapiga mara tano au sita, hakumbuki vizuri, na kikatio chake kilipotea alipohama nyumba.

---

Fundi_Chuma

Hapo hapo. Hilo ndilo.

Nieleze kinachotokea ili na wengine waone. Kila unapolibana ganda kwenye presi na kulipiga tena, shaba inasogea mbele, na shingo inarefuka. Si nyingi, lakini mara sita bila kukata ndiyo hiyo milimita zaidi ya nusu. Mbele ya shingo, chemba ina ukuta mdogo ambapo inaanza kufinyika kuelekea kwenye mtutu. Ganda refu kupita kiasi, ukifunga bolti, mdomo wake unaingizwa kwenye ule mfinyo. Bolti ina nguvu ya kabari, inafunga, wewe husikii kitu au unasikia ugumu kidogo tu. Sasa mdomo wa ganda umekibana kichwa cha risasi, na wenyewe umebanwa na chuma kwa nje. Baruti inawaka, shingo inatakiwa itanuke imwachie kichwa aende, haina pa kutanukia. Kichwa kinachelewa. Baruti haichelewi. Presha inajengeka nyuma yake ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na baruti ikikandamizwa inaungua kwa kasi zaidi, na kasi inaongeza presha.

Ndiyo maana baruti yako ilikuwa sahihi, mzani sahihi, kitabu sahihi, na bado ulikaribia kuumia.

Kuna kisa cha zamani kinachofanana sana na hiki, nilikisoma nikiwa bado mwanafunzi wa ufundi. Mwaka 1921, mashindano ya taifa ya kulenga shabaha huko Camp Perry, Ohio. Karakana ya jeshi ya Frankford ilitengeneza risasi za .30-06 zenye vichwa vilivyopakwa bati, kwa sababu vichwa vya zamani vilikuwa vinaacha uchafu wa madini ndani ya mtutu. Bati likashikana na shaba ya shingo kama limechomelewa. Juu ya hilo, wapigaji walikuwa na desturi ya kuchovya risasi kwenye grisi. Grisi ikajaza ule uwazi kati ya shingo na chemba. Shingo haina pa kutanukia, kichwa kimegandishwa ndani yake. Bunduki ikapasuka. Baruti ndani ya zile risasi ilikuwa kiasi kilekile cha siku zote.

Kwa hiyo lile jaribio la kudondosha kichwa kwenye ganda lililopigwa, lifanyeni kuwa desturi. Halina gharama, halihitaji chombo. Kichwa kikikataa kushuka, shingo yako haina nafasi, ama ni ndefu ama ni nene. Wanaotengeneza maganda kwa kukunja ya risasi nyingine hukutana na hii ya unene. Na wanaotumia maganda ya jeshi, ambayo mara nyingi ni mazito, wajue nafasi ya ndani imepungua, kipimo cha kitabu lazima kishuke kwanza.

Lile ganda la tatu usilitumie tena. Pima kitako chake kwa maikromita ukitaka kujifunza, linganisha na yale mawili. Kisha liharibu. Na bunduki mpelekee fundi wa bunduki akague vishikizo vya bolti na ile nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda kwa vipimo vyake vya chuma. Pengine haina kitu. Lakini bega lako si kifaa cha kupimia.

---

Bariadi_Mmoja

Mzee Fundi nimekaa kimya nasoma. Leo nimepima maganda yangu 60. Tisa yamezidi. Asante.

Swali la mwisho. Kama nataka kuwa salama kabisa, si ningejaza nusu tu ya baruti kwa mazoezi ya shabaha?

---

Fundi_Chuma

Hapana mdogo wangu, usifanye hivyo na baruti ya polepole. Ganda kubwa kama la .30-06 lenye baruti ya polepole kidogo mno, kuna visa vya bunduki kupasuka vilivyorekodiwa. Wataalamu hawajakubaliana chanzo chake, lakini vitabu vimeweka kiwango cha chini kwa sababu hiyo, na baadhi vimeandika kabisa usishuke hapa. Anza na kiwango cha kuanzia cha kitabu. Ukitaka risasi nyepesi kwa kweli, tafuta kipimo kilichochapishwa kwa baruti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Na ukipiga risasi ikatoa mlio mdogo wa *puff*, simama. Usiingize nyingine. Toa bolti, chungulia mtutu kutoka nyuma uone mwanga. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo katikati, na risasi inayofuata ikikigonga, mtutu unafumuka.

---

MamaWawili_TX

Niongeze: uchafu wa kaboni unaojijenga kama pete mbele ya chemba unafanya kazi ileile ya ganda refu. Kama bunduki imepigwa mamia ya risasi na mwendo unaanza kupanda wenyewe kidogo kidogo, safisha hapo kabla hujagusa kipimo. Na ukibadilisha kichwa chenye madini ya risasi ndani na shaba nje ukaweka cha shaba tupu chenye uzito uleule, ujue ni kirefu zaidi, kinakula nafasi ya baruti na kinaweza kugusa mifereji ya mtutu. Rudi chini uanze upya.

---

Kilima_Boise

Wakuu, majibu ya mwisho baada ya wiki mbili.

Fundi wa bunduki ameipitia. Vishikizo vya bolti havina alama, nafasi iko ndani ya kipimo. Alinitoza dola 60 na nimezilipa kwa moyo mweupe.

Nimenunua kikatio. Maganda yote nimeyakata mpaka milimita 63.09, nikasugua mdomo ndani na nje kuondoa makali. Yale matano marefu pamoja na lile la tatu nimeyabana kwa koleo. Ya mzee wa jirani yaliyobaki nimemrudishia, naye amenishukuru, hakuwa anajua.

Nilishuka asilimia kumi chini ya kiwango cha juu nikapanda kwa nusu nusu greni, risasi tatu tatu. Jana asubuhi saa moja, nyuzi 19, risasi zikiwa kwenye kibaridi kidogo chini ya meza. Kila ganda nililitazama kitako na kulidondoshea kichwa kabla ya kupiga lingine, yote yakashuka. Nimesimama greni moja na nusu chini ya kiwango cha juu: 2,741, 2,748, 2,739. Matundu matatu kwenye karatasi nayafunika kwa sarafu moja, na mkono wa bolti naunyanyua kwa vidole viwili.

Ndugu wa Bukavu tulikuwa naye. Ametaka tukapime na maganda yake Jumamosi, anadhani kuna fungu moja ambalo naye hajawahi kulikata.